Ujira wa Amosi

UMMA UNATANGAZIWA kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe pili mwezi wa Juni, kalamu ya dirisha namba nne haitakuwepo tena, kutokana na kupotea kwake mara kwa mara. Mnyororo wa kalamu hiyo utabaki mahali pake. Wateja wote wanaombwa kuja na kalamu zao wenyewe.

Tangazo hilo lilikuwa na nembo ya taifa, mhuri wa zambarau na sahihi za maofisa wawili. Hedwiga alilisoma mara tatu, kwa kuwa foleni ilimpa nafasi. Mnyororo ulikuwepo kweli, ukining'inia kutoka mezani bila kushika kitu. Mumewe, Jeremia Mashego, aliyekuwa na miaka themanini na miwili, aligusa mfuko wa shati kuhakikisha kwamba kalamu yake ipo. Ilikuwepo. Tangu Hedwiga amjue, yapata miaka arobaini na mitano, hakuwahi kumwona bila kalamu.

Kitengo cha Madai ya Ujira wa Kale kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya Johannesburg, na lifti ya jengo hilo ilikuwa ikitengenezwa. Kazi ya kitengo ilikuwa imeelezwa redioni mwezi wa Aprili. Watoto ambao serikali ya enzi za ubaguzi wa rangi iliwachukua chini ya uangalizi wake, ikawaandikisha kazi kwa wakulima, na ujira wao ukawekwa katika vitabu vya akiba ambavyo hawakuvishika kamwe, sasa wangeweza kuudai. Walipewa miezi mitatu. Wao walikuwa wamengoja miaka sabini, lakini serikali ilikuwa na ratiba yake.

Karani wa dirisha namba nne alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa hijabu ya kijivu. Kibao kifuani kilisema anaitwa Saida. Aliwaona wanahema kwa ngazi, akawaletea kiti kimoja. Jeremia akampa mkewe, Hedwiga akakataa, kiti kikakaa wazi muda wote wa mazungumzo.

"Mkhulu, nimewapata," alisema Saida, akimwita babu kwa Kizulu, kama wanavyoitwa wazee wote wa mji ule wakiwa upande wa pili wa kioo. "Wewe na ndugu yako. Jeremia, miaka kumi na mmoja, aliandikishwa Mei 1954. Amosi, siku hiyohiyo, miaka tisa. Shamba la viazi. Shilingi kumi kwa mwezi: moja mkononi, tisa kitabuni. Miezi thelathini na tisa. Pauni kumi na saba na shilingi kumi na moja, kila mmoja."

"Kila mmoja," Jeremia alirudia polepole.

"Ile moja ya mkononi mliipata?"

"Mwezi wa kwanza. Baadaye ilikatwa kulipia magunia."

"Magunia ya viazi?"

"Tuliyovaa."

Saida hakuandika hilo, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake. Akabonyeza mashine, akageuza karatasi ili waione. Kwa riba ya miaka yote hiyo, makadirio yalikuwa randi thelathini na nane elfu kwa kila mtoto. Wawili: sabini na sita elfu. Hedwiga aliishika meza pale mnyororo ulipofungwa. Tangu mwezi wa Machi alikuwa akitafuta sitini na moja elfu, na hadi asubuhi hiyo alikuwa na elfu nne.

"Makadirio tu, Gogo," Saida alimwonya Hedwiga, akimwita bibi kwa Kizulu. "Daftari linaonyesha kiasi. Halionyeshi mkataba ulikwishaje. Hilo liko kwenye jalada jingine, nalo liko ghalani Pretoria. Ndiyo maana kuna sehemu ya saba." Akaigusa fomu kwa kidole. "Hapa. 'Eleza namna mkataba ulivyokwisha.' Mkajaze nyumbani, mrudi kabla ya tarehe tisa Julai."

Nafasi ya sehemu ya saba ilikuwa mistari mitatu.

"Naweza kuongeza karatasi?" Jeremia aliuliza.

"Unaweza, Mkhulu," alisema Saida, na kwa mara ya kwanza hakumtazama.

*

Zile sitini na moja elfu zilikuwa za kumfukua Amosi.

Tangu warudi kutoka Tanzania, mwaka 1993, Jeremia alikwenda kila Pasaka kwenye lile shamba, mwendo wa saa mbili mashariki ya mji, akaketi kando ya jiwe bapa nyuma ya mikaratusi. Mkulima aliyewakodi alikuwa amekufa zamani. Mjukuu wake, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, alimruhusu, na mara nyingine alimletea kahawa kwenye kikombe cha chuma. Mwezi wa Machi kijana huyo alipiga simu. Ameuza sehemu ile ya ardhi kwa kampuni ya umeme wa jua. Vioo vitaanza kusimikwa tarehe mosi Septemba. Aliwaambia wanunuzi habari za jiwe, nao wakamjibu kwamba jiwe si kaburi. Alisikitika sana. Hedwiga aliyasikia masikitiko hayo kupitia spika ya simu, akaona ni ya kweli na hayana kazi.

Ofisi ya mazishi iliyowapa bei hiyo mwezi wa Machi, na ambayo juma hilo waliirudia, ilikuwa barabara ya pili kutoka kwao, Bertrams, baada ya robot, kama zinavyoitwa huko taa za barabarani, baina ya kinyozi na duka la betri. Mwenye ofisi alikuwa mtu mnene aliyejua kazi yake.

"Kimo cha marehemu?"

Jeremia alisimama, akaweka kiganja usawa wa kitovu chake, akafikiri, akakipandisha kidogo. "Alikuwa na miaka kumi na miwili. Lakini hakukua sana pale."

"Nitaandika jeneza la mtoto. Ni nafuu." Akaandika. "Wachimbaji. Daktari wa mifupa. Kibali cha idara ya urithi, maana kaburi limepita miaka sitini. Gari. Atasafiri nyuma?"

"Hapana. Nitakwenda na tawi la mphafa, nimwite, na akija atakaa pembeni yangu. Sitasema na mtu mwingine njia nzima. Usinishangae."

"Siwezi kukushangaa, mzee. Sisi wote tunawaleta watu wetu hivyo." Akaandika tena. "Kiti chake ni randi mia nne."

Hedwiga, mtu wa Morogoro, alikuwa ameishi na mila za mumewe kwa muda wa kutosha kujua kwamba tawi lile la miiba ndilo hubeba roho ya marehemu kutoka alipofia hadi nyumbani. Hakujua kwamba lilikuwa na nauli. Akafungua pochi, akahesabu elfu nne za vitumbua alivyouza Jumamosi zote tangu Machi kwa Watanzania na Wakenya wa Hillbrow, akazipanga mezani.

"Malipo ya awali hayarudishwi," alisema mwenye ofisi, akizikusanya. "Na jambo moja. Idara ya urithi haitoi kibali kwa jiwe. Wanataka karatasi. Karatasi yoyote ya serikali inayosema mtoto alifia pale. Mnayo?"

"Labda ipo Pretoria," Jeremia alijibu.

*

Jumapili alasiri fomu ililala juu ya meza ya jikoni, na watu wanne wakaizunguka kama inavyozungukwa maiti ya mtu ambaye bado hawajakubaliana kuhusu mirathi yake.

Jeremia alikuwa ameshaandika. Kurasa nne, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, kila aya na namba yake. Alizisoma kwa sauti, akigeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili kwa ajili ya mkewe. Hapakuwa na jambo geni ndani yake. Ilikuwa ndiyo hadithi ya nyumba ile, iliyosimuliwa kila Krismasi. Amosi aliumwa kifua Julai ya mwaka 1957. Walilala kwenye banda la mbolea. Alfajiri moja hakuamka. Msimamizi aliwaambia Jeremia na kijana mwingine wamzike kabla ya kengele ya kazi, na kwa kuwa ardhi ilikuwa na barafu, hawakuchimba sana. Siku saba baadaye Jeremia alitoroka. Alitembea siku tatu kando ya reli, amevaa gunia, hadi taa za mji.

Hapo ndipo kila Krismasi watu walipopiga makofi. Jumapili ile hakupiga mtu.

François ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mpangaji wa gereji yao, na alikuwa amekuja kudai chumvi.

"Papa Jeremia," alisema, "weye unaandika kama unaungama kwa padri. Padri anasamehe. Hawa hapana."

"Naandika ilivyokuwa."

"Babu yangu alikimbia contrat ya mugodi, imebakia miezi mbili tu. Unajua walimulipa ngapi? Walimulipa fimbo. Mutoro hapana kulipwa, Papa. Wazungu waliandika, na weusi wamekuta imeandikwa."

"Hiyo ilikuwa Kongo."

"Ah! Kongo! Kila kitu kibaya ni Kongo. Sawa."

Lerato, binti yao, hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na sita, alikielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, ila alipotaka kumbembeleza baba yake. Sasa alitumia Kiswahili.

"Baba, mimi kazi yangu ni bima. Unajua nafanya nini kutwa nzima? Nakataa madai ya watu. Mtu akiandika kidogo, lazima nimlipe, sina pa kushika. Akieleza sana, namshukuru Mungu. Natafuta neno moja tu. Na wewe, eish, umeliandika neno lenyewe mara tano."

"Neno gani?"

"Nilitoroka."

"Nilitoroka," Jeremia alikubali, kwa fahari ileile ya Krismasi.

"Weka mistari mitatu, Baba. 'Mkataba wa Jeremia ulikwisha kwa muda wake. Mkataba wa Amosi ulikwisha kwa muda wake. Amosi alifariki baadaye.' Basi. Watalipa."

"Na kibali?" Hedwiga aliuliza. "Yule wa mazishi anataka karatasi inayosema alifia pale."

"Maman, ukiwa na sabini na sita elfu," alisema François, "kibali kinakuja chenyewe, kinabisha hodi. Fedha inasoma kuliko karatasi."

Jeremia alizipanga kurasa zake zikakaa sawa, pembe kwa pembe. Hedwiga alijua kinachofuata, maana alikisikia kabla hajaolewa. Alikuwa mpishi wa jiko la wakimbizi wa chama cha ukombozi, kule Morogoro, naye Jeremia ndiye mtu pekee aliyeandika risiti ya kila sahani aliyopewa.

"Kambini," alisema Jeremia, "kila mtu aliandika wasifu wake. Umezaliwa wapi, umelala wapi, nani alikuona. Mimi niliandika mara sita. Mara ya nne nilisahau majuma mawili ya mwaka 1963. Majuma mawili, François. Niliulizwa habari zake miezi mitatu. Kulikuwa na mtu aliyeacha miezi sita, na sikumwona tena kwenye foleni ya chakula. Mtu anayeacha pengo ana cha kuficha. Mimi sina pengo."

"Hawa si chama, Baba. Hakuna anayekushuku upelelezi."

"Serikali yetu ilitoka humo kambini. Wanajua kusoma wasifu."

Lerato alimtazama mama yake, kisha dari. Ilikuwa imani ambayo mtu haachi akiwa na miaka themanini na miwili, kwa kuwa chini yake hamna sakafu nyingine.

"Na jambo jingine," Jeremia aliongeza, sauti yake ikishuka. "Katika mistari yenu mitatu, Amosi yuko wapi?"

"Tumeandika alifariki."

"Baadaye. Mmesema baadaye. Baadaye wapi? Mmemtoa pale nilipomweka, hamkumpeleka popote." Akapiga kurasa zake kwa kidole. "Duniani hakuna karatasi inayosema mtoto yule alikufa. Hii ndiyo ya kwanza."

François akachukua chumvi yake, akaondoka bila kuaga.

Jioni, Jeremia alipokwenda kunawa, Lerato aliingia chumbani na karatasi moja iliyopigwa chapa. Mistari mitatu. Akaikunja, akaisukuma ndani ya mkoba wa mama yake.

"Sehemu ya saba haitiwi sahihi," alinong'ona. "Sahihi iko ukurasa wa mwisho, na ameshaitia. Mama, ni wewe utakayetoa fomu mkobani. Sitasema zaidi."

"Unanifundisha kumwibia baba yako."

"Nakufundisha kumlipa."

*

Walirudi tarehe nane Julai, siku ya baridi iliyoziweka foleni zote karibu na madirisha yenye jua. Lifti ilikuwa bado ikitengenezwa. Jeremia alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na alipofika juu aliketi kwenye benchi la ukutani, mgongo wima, kofia magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye gwaride. Akamwachia mkewe kazi ya dirisha, kwa kuwa miguu ilikuwa imemwaibisha.

Hedwiga alikuwa amekaa na ile karatasi ya Lerato siku nyingi. Aliitoa usiku, akairudisha. Alijisemea kwamba randi sabini na sita elfu si dhambi, kwa kuwa zilikuwa jasho la watoto wawili, na kwamba uongo wa mistari mitatu kwa serikali iliyonyamaza miaka sabini ni uongo wa bei nafuu. Alijisemea pia kwamba Jeremia hangejua. Hilo la mwisho ndilo lililomtatiza. Lilikuwa kweli.

Akapitisha fomu chini ya kioo, pamoja na kurasa nne. Mkoba aliuacha wazi.

Saida alisoma ukurasa wa kwanza kwa haraka ya kazi. Kwenye wa pili alipunguza mwendo. Akafika mahali fulani, akasimama, akarudi juu, akashuka tena. Kisha akaangalia kushoto, ambako mwenzake alikuwa akinywa chai, akasogeza mdomo karibu na tundu la kioo.

"Gogo. Hakuna maelezo mafupi zaidi?"

"Mafupi vipi?"

"Mafupi. Fomu ina mistari mitatu." Macho yake yalikuwa yakimwomba aelewe. "Wengine wanaandika mistari mitatu tu. Nikishagonga mhuri, mimi sina uwezo tena."

Mkono wa Hedwiga ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Karatasi ilikuwa pale, kati ya leso na kitambulisho, pembe yake kali. Akageuka. Kwenye benchi, Jeremia alikuwa akimtazama. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa na uso wa mtu aliyekabidhi wasifu wake wa saba na kwa mara ya kwanza hakusahau hata siku. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na Hedwiga, aliyemfahamu, alijua anazungumza na nani. Alikuwa ameshaanza kumwambia Amosi ajiandae.

Kama angempa Saida mistari mitatu, mtoto huyo angekufa baadaye, mahali popote.

Akatoa mkono mkobani. Ulikuwa na leso.

"Hayo ndiyo," alisema. "Hatuna mengine."

Saida alikaa kidogo na mhuri hewani. Halafu akagonga: kurasa nne, mihuri minne.

"Saini hapa kwamba nimepokea," alisema. Hedwiga akanyoosha mkono kwenye mnyororo kwa mazoea, akakuta mwisho wake mtupu, ikabidi aende kwenye benchi kuazima kalamu ya mumewe.

*

Barua ilifika tarehe ishirini na saba Agosti, siku nne kabla ya mwezi kwisha. Jeremia alikataa ifunguliwe hadi Lerato arudi kutoka kazini. Alioga. Alivaa shati jeupe. Viatu vyeusi alivyonunua kwa ajili ya safari alikuwa amekwisha kuvipiga rangi tangu Jumapili. François, aliyeuona mhuri wa serikali kwenye bahasha, alizima cherehani na kuja kusimama mlangoni bila kisingizio cha chumvi.

Lerato alisoma akigeuza kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti anayoitumia kwa wateja.

"'Kitengo kinamshukuru mdai kwa maelezo yake kamili.'"

"Umeona," Jeremia alisema.

"'Kwa maelezo yake mwenyewe, ukurasa wa pili, aya ya tisa, mdai aliacha kazi bila idhini. Kanuni zilizotumika wakati huo zinasema kwamba ujira wa akiba wa mtoto mtoro hurudishwa kwa mwajiri kufidia hasara ya msimu. Jalada linaonyesha kwamba pauni kumi na saba na shilingi kumi na moja zilirudishwa kwa mwajiri mnamo Septemba 1957. Kwa hiyo hakuna ujira unaosubiri kulipwa.'"

François alitoa mlio mfupi wa ulimi, akaishia hapo. Alikuwa mtu mwenye adabu kuliko alivyojitangaza.

Jeremia alitikisa kichwa kama mtu aliyepunguziwa kitu sokoni. "Sawa. Hizo zilikuwa zangu. Mimi kweli nilitoroka. Soma za Amosi. Amosi hakutoroka."

Lerato alikuwa ameshasoma mbele kwa macho. Hedwiga alimwona akikunja ukingo wa karatasi.

"Soma, mwanangu."

"'Kuhusu mtoto Amosi. Taarifa ya mwajiri, iliyopokelewa na kituo cha polisi mnamo Julai 1957, inasema kwamba watoto wote wawili walitoroka usiku mmoja. Hakuna hati ya kifo. Maelezo ya mdai yanayosema vinginevyo yametolewa na mtu mwenye maslahi katika dai hili, wala hayawezi kuchukua nafasi ya hati. Ujira wa mtoto Amosi ulirudishwa kwa mwajiri kwa kanuni hiyohiyo.'"

Hapo ndipo Hedwiga alipoelewa kwa nini watoto wale wawili walikuwa na miezi thelathini na tisa, kila mmoja, wala hakuna aliyepungukiwa hata juma moja.

"Ameandikwa alitoroka?" Jeremia aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi."

"Na wewe. Usiku mmoja."

"Alikuwa hawezi kusimama," Jeremia alisema. Aliwatazama mmoja mmoja, kana kwamba kati yao kulikuwa na mtu ambaye angeweza kusahihisha. "Nilimwogesha kwa maji ya kunyweshea ng'ombe. Alikuwa hawezi kusimama."

"Sasa," François aliuliza taratibu, na halikuwa swali la kejeli, "yule wa chini ya jiwe ni nani?"

Swali hilo lilikuwa limeshajibiwa, na jibu lilikuwa mikononi mwa Lerato, lenye nembo ya taifa. Chini ya jiwe hapakuwa na mtu. Mwenye ofisi ya mazishi alikuwa ametaka karatasi ya serikali, hii hapa. Kampuni ya umeme ilikuwa imesema jiwe si kaburi. Sasa ilikuwa na ushahidi, na ushahidi huo ulitafutwa, ukapatikana na kuletwa na familia ya marehemu yenyewe. Hedwiga alifikiria kumpigia simu yule kijana mwenye ndevu nyekundu. Alijua kwamba angesikitika.

Mkoba wake ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ile karatasi ya mistari mitatu ilikuwa bado ndani. Lerato aliutazama mkoba, kisha akamtazama mama yake. Hedwiga angependa zaidi kama angemlaumu kwa sauti.

"Imekwisha?" Jeremia aliuliza.

"Imebaki aya moja, Baba. Haina maana."

"Soma mpaka mwisho. Usiache pengo."

Lerato akasoma.

"'Katika kupitia jalada, kitengo kimebaini kwamba amri ya kuwaweka watoto hawa chini ya uangalizi wa serikali haikufutwa kamwe, kwa kuwa amri ya mtoto mtoro husimama hadi atakaporejea. Kasoro hiyo sasa imerekebishwa. Imeamuliwa kwamba kuanzia tarehe ya barua hii Jeremia Mashego, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, na Amosi Mashego, mwenye umri wa miaka themanini, wameachiliwa rasmi kutoka katika uangalizi wa serikali, na wako huru kuishi mahali popote watakapo ndani ya Jamhuri. Kila mmoja wao anatakiwa kufika mwenyewe, dirisha namba nne, kusaini na kupokea hati yake ya kuachiliwa, akiwa na kalamu yake.'"